Asiyepima Mali Yake Hupangiwa Bei

Wapo wanaouliza: mwanafunzi wa Shinyanga ana haja gani ya kujua habari za Europa, mwezi wa sayari ya Mshtarii uliofunikwa na barafu? Haja ipo, tena kubwa. Hakuna binadamu aliyefika huko. Wataalamu waliitambua barafu ile kwa kuichambua nuru inayoakisiwa nayo, kwani kila kitu hufyonza sehemu yake ya nuru na kuacha alama yake. Mwaka 2023 darubini ya James Webb ilitambua huko kabonidioksaidi kwa njia hiyo hiyo.

Elimu hiyo ni ndugu wa ile ya mashine za eksirei, ambazo huitambua dhahabu kwa miali inayoitoa.

Tukumbuke mwaka 2017, Serikali ilipozuia makinikia ya Bulyanhulu na Buzwagi kupelekwa nje. Ubishi ule ulikuwa wa vipimo: ndani ya makontena mna nini, na kiasi gani?

Basi, walimu, kipande cha kioo na mwanga wa jua vyatosha kulianza somo hili. Nanyi watumishi wa umma, maabara za shule za Geita na Shinyanga zisiwe za mwisho katika makadirio yenu. Kujitegemea ni pamoja na kujipimia.