Mshauri Akija, Tumwulize Kwanza

Ndugu wanachama,

Katika mikutano ya matawi yetu siku hizi yasikika maneno mapya. Moja ni bioanuwai, yaani wingi wa aina za miti, wanyama na wadudu katika nchi. Jingine ni kuhimili mabadiliko ya tabianchi, yaani kujiweka tayari kwa jua kali na mvua zisizofuata majira. Mengi ya maneno haya yatoka Ulaya, nayo huja pamoja na washauri, na washauri huja na karatasi za kutia sahihi. Wako wenzetu wasemao kwamba hayo hayatuhusu, kwa kuwa karafuu zetu nyingi huenda Asia, wala karafuu haimo katika orodha ya sheria ya Ulaya ya mwaka 2023 juu ya mazao yatokanayo na ukataji wa misitu. Mimi naona yatuhusu sana. Naomba wasomaji tuvuke maji kidogo, twende Korogwe na Handeni katika Mkoa wa Tanga, ambako mambo haya yalikwisha fika zamani.

Kwanza nikiri jambo moja. Washauri wasemapo kwamba msitu ni maji, wasema kweli. Handeni ni nchi kavu, na bomba lake kubwa lavuta maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe. Milima ikivuliwa miti, aliye bondeni ndiye atakayeona kiu. Na sisi watu wa visiwani twaijua hali ya hewa ikichafuka. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, na mwenye shamba ajua kwamba mkarafuu ukifa leo, mche wake hungojwa miaka mingi kabla ya kuzaa. Kwa hiyo sisemi tuwafukuze washauri. Neno langu ni hili: aulizwe nani, na alipe nani?

Tazameni Usambara ya Mashariki. Hifadhi ya Asili ya Amani ilianzishwa mwaka 1997, nayo imekaa katika wilaya za Muheza na Korogwe. Serikali ya Finland ilisaidia kwa fedha na wataalamu muda mrefu. Wataalamu wakaona vipande vya msitu vimetengana, wakashauri viungwe kwa ukanda wa Derema, upande wa Muheza, ili viumbe na mbegu vipate njia. Kwa elimu ya misitu shauri lile lilikuwa na maana. Lakini ndani ya ukanda walikuwamo wakulima zaidi ya elfu moja, wengi wao wenye iliki chini ya kivuli cha miti mikubwa, pamoja na viungo vingine. Wakatakiwa watoke. Mimea yao ikahesabiwa, fidia ikalipwa kwa vipindi, na wengi walinung'unika kwamba imechelewa na haitoshi. Na tulizingatie jambo hili: iliki huzaa mwaka hata mwaka, bali fidia hulipwa mara moja ikaisha. Kila mwenye mikarafuu na ajiulize, mti uliomsomesha baba yake na yeye na watoto wake, bei yake ni kiasi gani?

Sasa twende Handeni, katika kijiji cha Msomera. Mwaka 1959 Wamasai waliondoka Serengeti, na Ngorongoro ikatengwa iwe mahali pa watu, mifugo na wanyama wa porini pamoja. Wataalamu wa Ulaya walikuwa na sauti kubwa katika mashauri ya siku zile. Kuanzia Juni 2022 jamaa za Kimasai zikaanza kuhamishwa kutoka Ngorongoro hadi Msomera, wakapewa nyumba na ardhi ya kulima. Serikali ilisema wahamao wahama kwa hiari. Wengine walisema huduma zilipunguzwa huko Ngorongoro hata kukaa kukawa kugumu, na wenyeji wa Msomera nao wakalalamika kwamba ardhi waliyokuwa wakiitumia imegawiwa wageni. Desemba 2023 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio juu ya Wamasai, na mwaka 2024 Tume ya Ulaya ikaitoa Tanzania katika mpango wa ruzuku ya uhifadhi wa yuro milioni 18, uliokuwa wa Kenya na Tanzania pamoja.

Wako walioshangilia uamuzi ule, wako waliokasirika. Mimi natazama tarehe tu. Fedha iliondolewa mwaka 2024, na mtu alikwisha hama tangu 2022. Ulaya ikibadili shauri, yatosha kuandika barua. Aliyehamisha ng'ombe wake hawezi kuirudisha miaka miwili nyuma, wala mwenyeji wa Msomera hawezi kulivuna konde lililokwisha jengwa nyumba.

Lakini Handeni hiyo hiyo ina somo jema. Kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, kijiji cha Bara chaweza kutenga msitu katika ardhi yake, kikauwekea mpango wake, kikauza mbao kwa utaratibu, na mapato yakabaki kijijini. Wafini walisaidia vijiji vya Handeni katika kazi hiyo tangu 2018. Hapa mshauri alikuwa mgeni katika msitu wenye mwenyewe, na mkutano wa kijiji ndio wenye kukata shauri. Ndiyo maana ya mgeni njoo, mwenyeji apone.

Sasa turudi kwetu. Kanuni mpya ya Ulaya juu ya mazao ya kilimo hai ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Yataka kikundi cha wakulima wa nchi za nje kiwe na hadhi yake kisheria, kisizidi wanachama 2,000, na kiwe na ukaguzi wake wa ndani. Anayetaka kuuza viungo vya kilimo hai huko hana budi kuifuata. Hapo ndipo karatasi zitakapotufikia. Na wengi wetu twachuma katika eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964: anayetunza shamba ni mmoja, ardhi ni ya Serikali, na pengine mti mmoja una warithi sita. Karatasi ikiwa na nafasi ya jina moja tu, litaandikwa la nani? Na likisha andikwa, mwakani nani atakayeweza kulifuta?

Kwa hiyo naleta mambo matatu mbele ya wanachama.

La kwanza, kila mshauri atakayekuja alete karatasi zake kwa Kiswahili kabla ya mkutano, zisomwe tawini kwa sauti, na asitie sahihi mtu siku ile ile.

La pili, kila tawi lifanye daftari lake: mikarafuu mingapi, imepandwa lini, ya nani na nani, iliyokufa kwa jua ni mingapi, na chemchem zipo wapi. Wazee wangali hai watakaoyasema hayo. Asiye na hesabu yake hukubali ya mwenziwe, na wa Derema walihesabiwa mimea yao na wengine.

La tatu, likitajwa neno la mpaka au hifadhi, swali la fidia lijibiwe kabla ya kupigwa nguzo ya kwanza: italipwa lini, kwa miaka mingapi ya mavuno, na na nani, endapo mfadhili ataondoka.

Wako watakaosema kwamba maswali mengi yatamkimbiza mfadhili, na miche mipya na visima twavihitaji. Ni kweli twavihitaji. Lakini mfadhili akimbiaye maswali matatu atakimbia pia siku ya taabu, na siku hiyo tutabaki sisi na mikarafuu yetu, ikiwa bado ni yetu. Mkutano mkuu ujao nitaomba jambo hili liwekwe katika ajenda. Wenye rai nyingine na waje nayo.

Wenu katika kazi,
Mwanachama, Pemba