Bima ya Wakili Haifikii Hata Ekari Moja ya Kililana

Serikali ilipowafidia wakulima wa Kililana waipishe bandari ya Lamu, ekari moja ilikadiriwa Sh1.5 milioni. Kanuni za bima ya mawakili za mwaka 2004 zinamtaka wakili mwenye ofisi yake awe na bima isiyopungua Sh1 milioni. Mwenye ekari kumi akipoteza haki yake kwa uzembe wa wakili aliyekata bima ya kiwango hicho, hatapata hata thamani ya ekari moja. Kiwango hiki ni cha aibu. Kipandishwe.

Uzembe tunaouzungumzia hauhitaji hila yoyote. Anayedai fidia ya madhara aliyotendewa ana miaka mitatu ya kufungua kesi. Wakili akisahau tarehe, dai limekufa. Kesi iliyokwisha kufunguliwa nayo, ikikaa mwaka mzima bila hatua yoyote, mahakama yaweza kuifuta. Mvuvi wa Kizingitini atajuaje? Ili amwone wakili wake Malindi, hufunga makaratasi kwa kipande cha turubai yasirowe maji ya chumvi, akapanda boti hadi Amu, yaani mji wa Lamu, kisha nyingine hadi Mokowe, ndipo ashike basi. Akifika huambiwa, "Faili iko kortini, mzee, subiri." Hurudi kusubiri, maana hana njia ya kuhakikisha.

Na kinachosubiriwa si kidogo. Tarehe 30 Aprili 2018, Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walioathiriwa na ujenzi wa bandari walipwe Sh1.76 bilioni. Kesi hiyo ilisimamiwa hadi hukumu ikatoka. Lakini dai la ukubwa huo lingeangushwa na kosa la ofisi moja, Sh1 milioni ingegawanywa vipi? Kila mvuvi angepata kama Sh217, na familia ingezila mchana mmoja zikaisha.

Wanaopinga nyongeza wana hoja moja ya kusikilizwa: wakili mdogo wa Amu, anayeandika wosia na mikataba ya nyumba, hawezi kulipia bima sawa na kampuni kubwa ya Nairobi. Ni kweli, na hatumtaki alipe sawa. Bima ipimwe kwa thamani ya kazi anazopokea wakili. Tena Chama cha Mawakili nchini, LSK, kinaweza kuwakusanya wanachama wakate bima kwa pamoja ili gharama ipungue. Katika jimbo la Oregon, Marekani, mawakili wa huko wamekuwa wakichangia mfuko wao wa lazima tangu 1978. Hoja ya gharama haitoshi kumwacha mteja mikono mitupu.

Kuna pengo jingine, na hili linauma zaidi. Bima ya uzembe kwa kawaida haimlipi mteja ambaye wakili mwenyewe amekula fedha zake. Fidia ya ardhi yaweza kupitia akaunti ya wakili kabla ya kumfikia mwenye shamba. Fedha zikipotelea hapo, mjane wa Pate huelekezwa kwenye Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili au Jopo la Nidhamu, na hata wakili akifutwa kwenye orodha, mjane hajala. Afrika Kusini ina mfuko wa kuwafidia wateja wa namna hiyo. Kenya ianzishe wake.

Baraza la LSK lina mamlaka ya kutunga kanuni kwa idhini ya Jaji Mkuu. Lipandishe kiwango kabla ya leseni za mwaka ujao kutolewa, na limlazimishe kila wakili kubandika cheti cha bima ukutani, kwa Kiswahili, kikionyesha kikomo cha malipo na tarehe ya kumalizika. Mtu aliyevuka bahari na hati ya shamba mkononi akisome kabla hajaikabidhi.