CHUPA IKIVUNJIKA, ISIFICHWE

Ndugu wafanyakazi wa maabara za shule,

Mwanachama mwenzetu, anayefanya kazi katika shule ambayo hatutaitaja, alitujia na barua mkononi. Chupa ya asidi ya salfuriki ilimponyoka alipokuwa akitayarisha majaribio ya wanafunzi. Alikuwa amebeba chupa tatu mikononi, maana ndoo ya kubebea hakupewa. Barua yasema atakatwa mshahara alipe hasara. Ndugu huyo akatuuliza: "Kama ningepangusa upesi nikanyamaza, si ningepona?"

Twamjibu yeye, na twawajibu ninyi nyote: hapana. Asidi ile kali haikauki kama maji. Itangoja pale mezani mpaka mtoto wa watu aweke mkono wake au daftari lake. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Basi chupa ikivunjika, jambo la kwanza ni kupaza sauti. Waondoe wanafunzi karibu na mahali pale, fungua madirisha, mwite mwalimu. Ikiwa kilichomwagika ni spiriti au kitu kingine kishikacho moto, zima mioto yote kwanza, ikiwa waweza kuifikia bila hatari. Halafu vaa glavu, miwani ya kukinga macho na viatu vilivyofunika miguu. Asidi izungushie mchanga mkavu isienee, kisha nyunyiza magadi kidogo kidogo, ukianzia pembeni kwenda katikati. Itatoa povu, ngoja mpaka povu liishe ndipo uzoe. Vipande vya kioo usivishike kwa vidole.

Asidi ikimrukia mtu, usimpake magadi mwilini. Mvue nguo zilizolowa na umwagie maji mengi yanayotiririka. Ikiwa ni machoni, maji yaende dakika 15 au zaidi huku kope zimefunguliwa, kisha apelekwe hospitali. Nanyi mnaochanganya, kumbukeni daima: asidi hutiwa ndani ya maji, polepole, maji hayatiwi ndani ya asidi kali, maana huchemka ghafla na kuruka usoni.

Zebaki ya kipimajoto kilichovunjika nayo ina hila yake. Matone yake yapendeza, na watoto hutaka kuyachezea, lakini mvuke wake ni sumu na hauonekani. Usiifagie, maana ufagio huitawanya. Ikusanye kwa karatasi ngumu, itie katika chupa yenye kifuniko, wala usiimwage katika sinki.

Sasa twageukia waajiri. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu kukata mshahara kwa mali iliyoharibika pale tu mfanyakazi alipokosea kwa makusudi. Chupa kuponyoka si makusudi. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka huo huo wa 2007, yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga kwa wale wafanyao kazi yenye hatari. Mwajiri asiyetoa ndoo ya shilingi chache, kisha akadai bei ya chupa, ametimiza sheria gani?

Tena twasema hivi: kila mshahara unaokatwa kwa ajili ya chupa wawafundisha wafanyakazi kumi kuficha. Mwalimu mkuu atadhani maabara yake ni salama kwa kuwa haletewi habari, kumbe habari zimezikwa chini ya meza. Watakaoumia ni watoto tuliokabidhiwa.

Kwa hiyo twataka mambo manne katika kila maabara: ndoo ya mchanga na kopo la magadi karibu na mlango; maji ya bomba yanayotoka kweli; glavu na miwani kwa kila mfanyakazi; na daftari la kuandika kila kilichomwagika, bila ya mtu kuadhibiwa kwa kuandika.

Nasi tuna wajibu wetu. Vifaa vikitolewa, tuvivae. Visining'inie ukutani kama pambo. Anayedharau miwani leo asije kesho kulilia chama.

Barua ya ndugu yetu tunayo, na tutaijibu kwa kifungu cha sheria. Mwingine aliyekatwa mshahara namna hiyo aje ofisini na karatasi zake. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe.