Hadithi Si Chambo

Umezuka mtindo miongoni mwa walimu wa dini wanaofundisha vijana, nao wasifiwa kuwa ni wa hekima. Vijana wa leo, wasema walimu hao, hawana masikio ya mahubiri. Lakini wawajua kwa majina majabari ya filamu: Superman arukaye angani, Spider-Man apandaye kuta, na mfalme T'Challa wa Wakanda, ambaye filamu yake ilitoka mwaka 2018. Basi na tuanze na hao, kisha tuwavute vijana kwa Kristo, tukiwaambia kwamba yeye ndiye jabari mkuu kuliko majabari wote. Mimi naupinga mtindo huu. Siupingi kwa kuwa hadithi hizo ni upuuzi, maana si upuuzi. Naupinga kwa kuwa wavunja heshima ya hadithi, wapotosha imani, na katika bonde la Kilombero wasahau makaburi.

Ifakara ni mji wa mpunga na samaki. Wandamba, wenyeji wa mto Kilombero, ni wavuvi tangu zamani, na mvuvi yeyote aweza kukueleza tofauti iliyopo baina ya wavu na ndoana. Chambo hakiwekwi ili samaki ashibe. Chawekwa ili asiione ndoana. Mwalimu aanzaye na Superman, hali moyoni mwake hana haja na Superman, afanya vivyo hivyo. Kijana adhani ameitwa katika mazungumzo, kumbe jibu lilikwisha kuandikwa kabla yeye hajafumbua kinywa. Siku atakapotambua, hatamlaumu Superman. Atamlaumu aliyemwita, na pamoja naye yule aliyehubiriwa. Watetezi watanijibu kwamba Bwana mwenyewe aliwaita mitume wake wawe wavuvi wa watu. Ni kweli, lakini wale walikuwa wavuvi wa nyavu. Ndoana yatajwa mara moja tu katika Injili zote nne, Petro alipoambiwa aende baharini akaitupe. Na siku ile haikutupwa kumvua mtu, ilitupwa kutafuta fedha ya kulipia kodi ya hekalu.

Tena chambo huiharibu hadithi yenyewe. Superman alitokea mara ya kwanza mwaka 1938, kazi ya Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wawili wa Kiyahudi wa mji wa Cleveland katika Marekani. Mhubiri aona baba aliyemtuma mwanawe kutoka mbinguni, akapiga makofi. Lakini mtoto mchanga aliyetiwa chomboni na wazazi wake ili aokoke na maangamizi, akalelewa na watu wa taifa jingine, afanana na Musa katika kisafina chake zaidi kuliko mtoto wa Bethlehemu. T'Challa naye hakufa na kufufuka. Alitupwa katika maporomoko ya maji, akaokotwa yu mahututi, akanyweshwa dawa ya mmea, akapona. Amwitaye huyo mfano wa ufufuko ameisoma filamu vibaya, na ufufuko ameushusha ukawa uponyaji wa mgonjwa.

Lakini kosa lililo kubwa kuliko hayo ni hili. Jabari wa filamu ni mtu ambaye risasi haimwingii. Bonde hili lilikwisha kuisikia ahadi hiyo. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji ya dawa, na wajumbe wakayachukua mbali, hata Kilombero na Mahenge, wakisema kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Tarehe 30 Agosti mwaka ule maelfu ya Wapogoro na Wambunga waliliendea boma la Mahenge. Risasi hazikugeuka. Bombomu ziliwaangusha kwa mamia, na Kinjikitile mwenyewe alikuwa amekwisha kunyongwa tangu tarehe 4 ya mwezi ule. Vita viliendelea mpaka mwaka 1907, na nyuma yake ikaja njaa. Makisio ya wanahistoria juu ya waliokufa yatofautiana, kutoka watu 75,000 hadi 300,000, na wengi wao hawakuuawa na risasi bali na njaa.

Siwadhihaki mababu. Dhuluma waliyoiinukia ilikuwa ya kweli, na umoja walioupata ulikuwa wa kweli. Kilichowasaliti ni ahadi ya kutojeruhiwa. Sasa aje mwalimu Ifakara, baada ya miaka zaidi ya mia moja, awaambie wajukuu wao kwamba Kristo ni jabari asiyeshindwa na lolote, na kwamba amshikaye hatadhurika! Hayo ni maji yale yale katika chupa mpya. Mtoto wa jirani atakapokufa kwa homa, na mafuriko yatakapouchukua mpunga wa mjane asali usiku na mchana, kijana huyo atasema nini? Injili haikumwahidi hivyo. Yasimulia juu ya mtu aliyeambiwa ajitupe kutoka kinara cha hekalu, akakataa. Akaambiwa ashuke msalabani ili waamini, hakushuka. Jabari angeshuka. Basi amwitaye Kristo jabari amempa sifa ile ile ambayo yeye mwenyewe aliikataa mara mbili.

Je, tuzifungie hadithi mlango? Hasha. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyekaa Unguja, naye baadaye akawa askofu, alichapisha London hadithi za Kiswahili alizozikusanya kwa wenyeji, na ya Liyongo ikiwamo. Liyongo hakuwezekana kwa silaha yoyote ila sindano ya shaba kitovuni. Siri hiyo alimwambia mwanawe, na mwanawe akamwua. Akafa amepiga goti kisimani, upinde mkononi, na watu wakaogopa kuchota maji wakidhani yu hai. Mmisionari huyo angeweza kumfanya mwana yule Yuda, na Liyongo Kristo. Hakufanya hivyo. Alimwacha Liyongo awe Liyongo, na kwa hiyo mpaka leo Mwislamu na Mkristo waweza kuketi juu ya hadithi ile ile na kuulizana: kwa nini mtu asiyewezwa na adui awezwa na ampendaye? Kwa nini alimwambia?

Vivyo hivyo Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake Kinjeketile ya mwaka 1969. Shujaa wake aingiwa na shaka juu ya maji yake mwenyewe. Lakini mwisho, akiwa mikononi mwa Wajerumani, akataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo. Je, huo ni ukaidi, ni imani, au ni upendo kwa watu wake? Mpe kijana wa Kilombero swali hilo, usimpe jibu. Mwulize pia ni nani aliyeokoa watoto katika bonde lake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Ifakara walionyesha, huku huku bondeni, kwamba chandarua chenye dawa chapunguza vifo vya watoto wadogo. Hapakuwa na jabari: palikuwa na mama aliyekichovya chandarua katika dawa na kukifunga kila jioni, na mtafiti aliyehesabu watoto nyumba kwa nyumba. Kama kijana aona katika kazi hiyo sura ya imani, aseme mwenyewe. Kama haioni, na aseme vile vile, na mwalimu amsikilize.

Watetezi watasema kwamba njia hiyo haina hakika, kwa kuwa mazungumzo ya namna hiyo yaweza kumalizika pasipo mtu kuongoka. Yaweza. Mtume Paulo alipokuwa Athene alitaja maneno ya washairi wa wenyeji, wala hakuuficha ufufuko ili awapendeze. Wengine wakamcheka, na yeye akaenda zake bila kuwakimbiza kwa hila. Mwalimu asiyeweza kuvumilia kuchekwa, wala kuketi na hadithi mpaka mwisho wake, heri asiianze.