Mizani kwa Wagonjwa wa Moyo

Ni desturi yetu hapa Visiwani kuipima afya ya mtu kwa macho. Aliyejaa mwili husifiwa kuwa ana siha. Aliyekonda huulizwa anaumwa nini. Lakini kwa mgonjwa wa moyo macho hudanganya, na udanganyifu huo waweza kumgharimu maisha yake.

Moyo unaposhindwa kusukuma damu ipasavyo, figo huzuia chumvi na maji, nayo maji hujaa miguuni, tumboni na hata mapafuni. Wakati huo huo hamu ya chakula hupotea na misuli huanza kuyeyuka. Hivyo mgonjwa hukonda mabega na mapaja, na uzito wake usipungue, kwa kuwa maji yamechukua nafasi ya nyama. Jamaa zake hudhani amenenepa, kumbe anadhoofu.

Wataalamu wanatuonya juu ya mambo mawili. Kwanza, uzito ukizidi kwa zaidi ya kilo 2 katika siku 3, yaelekea hayo ni maji, na mgonjwa hana budi kumwona daktari upesi. Pili, mgonjwa asiye na uvimbe akipoteza asilimia 5 ya uzito wake katika mwaka mmoja bila ya kukusudia, yaani kilo 3 kwa mtu wa kilo 60, hiyo ni dalili ya hatari. Asiachwe akaambiwa ni uzee tu.

Yote mawili hugunduliwa kwa mizani. Mgonjwa apimwe kila asubuhi, baada ya kwenda haja na kabla ya kula, na uzito uandikwe. Kwa mkaazi wa Tumbatu au Kojani, ambaye huvuka bahari kwenda hospitali, onyo la mapema lina thamani kubwa.

Kwa hiyo tunaiomba Wizara ya Afya ihakikishe kwamba kila kituo cha afya, Unguja na Pemba, kina mizani sahihi ya watu wazima, na kwamba kila mgonjwa wa moyo anapewa kadi ya uzito. Watoto wetu wanazo kadi za namna hiyo, na kina mama wanajua faida yake. Kwa nini babu na bibi zao wakose?

Nao wananchi wapunguze chumvi chunguni, lakini wasimnyime mgonjwa samaki na kunde. Na kabla ya kumsifu kwa kunenepa, kwanza waitazame miguu yake.