Nyumba Nyepesi Siku ya Safari



Dada mmoja aliyeolewa Rongai, Kaunti ya Nakuru, ametuandikia kuwa yeye na mumewe wamenunua matatu kuukuu na kuigeuza nyumba kwa mikono yao wenyewe. Vitanda vimekwisha kupigiliwa na kabati zimesimama. Baada ya wiki chache watairudisha nyumba ya kupanga kwa mwenyewe na kuanza safari isiyo na siku ya kurudi, pamoja na watoto wao watatu: kwanza Kisumu na Uganda, kisha Pwani kwa wazee. Yaliyosalia, asema, ni mapazia, zulia na rangi. Anauliza kama dini ina la kusema juu ya umaliziaji wa nyumba ya namna hii.

Ina la kusema. Katika Surat An-Nahl, aya ya 80, Mwenyezi Mungu anatukumbusha neema ya nyumba za ngozi za wanyama, ambazo watu huziona nyepesi siku ya kuhama na siku ya kutua. Sifa iliyotajwa hapo ni wepesi, wala si pambo. Basi kabla ya zulia, ndugu zetu, lipimeni gari.

Mbao, magodoro, vyombo na betri huongezeka kidogo kidogo bila ya mtu kuhisi. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 100 ni sawa na kumbeba mtu mzima mnene asiyeshuka kamwe. Kila gari lina kikomo cha uzito kilichowekwa na kiwanda, na aghalabu huandikwa kwenye kibao kidogo mlangoni. Maghala makubwa ya nafaka huwa na mizani ya malori; ombeni mpimiwe, gari likiwa limejaa kama litakavyosafiri. Likizidi, punguzeni mzigo.

Nasisitiza hili kwa sababu ya barabara yenyewe. Atokaye Rongai kwenda Kisumu hupanda Salgaa, Sachangwan hadi Mau Summit, na siku ya kurudi hapana budi aushuke mteremko ule ule. Wenyeji wanaujua kwa majonzi. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori viligongana hapo Migaa, na roho zaidi ya 30 zikapotea. Malori mengi yameangamia kwenye mteremko huo kwa breki kupata moto na kushindwa kushika, na mengine kwa dereva kutoa gia ili aokoe mafuta. Gari lililozidiwa uzito halina tofauti na lori hilo. Fundi akague breki na magurudumu sasa, na baba ashuke kwa gia ndogo, bila kuukalia mguu wa breki.

Jambo la pili ni watoto. Wengi wageuzao matatu kuwa nyumba hung'oa viti ili wapate nafasi ya kitanda, kisha watoto husafiri wamelala juu ya godoro. Gari likifunga breki ghafla, mtoto hana cha kumzuia. Kila roho iwe na kiti kilichofungwa barabara kwenye sakafu ya chuma, na mkanda wake. Watoto ni amana, na kutawakali kwetu huja baada ya kumfunga ngamia, kama Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, alivyomuelekeza yule bedui.

La tatu ni moto. Usiku wa Rongai ni baridi, na mkono huvutika kuingiza jiko la makaa ndani. Msilifanye hilo hata kwa dakika chache. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala haamki. Ama gesi ya kupikia, hiyo ni nzito kuliko hewa, nayo ikivuja hukusanyika chini. Toboeni tundu la hewa sakafuni karibu na mtungi, mbali na taa na swichi. Mtungi usimame wima, ufungwe, na ufungwe pia koki kila gari linapoondoka na kila mnapolala. Nyumba moja ya Madina iliungua usiku juu ya wenyewe, na Mtume akatuusia tuuzime moto kabla ya kulala.

Maji ya udhu yasiwatishe. Imepokewa kuwa Mtume alitawadha kwa mudi moja, kiasi cha theluthi mbili za lita hivi au zaidi kidogo. Watu watano kwa sala tano hawatafikia lita 20 kwa siku. Birika yatosha, bomba la kufungulia ovyo ni la nyumba ya mjini.

Kuhusu kibla, sisi wa Mombasa tumezoea kuelekea kaskazini. Mlipo Rongai, elekeeni kaskazini na kugeukia mashariki kiasi cha digrii 10. Na kila mnapotua, pimeni upya kwa dira. Ama kupunguza sala, Imamu Shafi alimruhusu baharia anayeishi chomboni na ahali zake apunguze, lakini akapendelea atimize. Na Imamu Ahmad hakuona kuwa ana ruhusa hiyo. Hali yenu inafanana na ya baharia huyo. Mwendeeni sheikh wenu kabla ya kuondoka, mkubaliane njia moja nyumba nzima.

Tena kuna karatasi. Gari lililobadilishwa umbo lipelekwe kukaguliwa, na mamlaka ya NTSA irekebishe kitabu chake. Na wenye bima waambiwe wazi kuwa sasa ni makazi. Kuficha ni kujidhulumu siku ya ajali.

Yakikamilika hayo, dada yangu, shona mapazia yako, tena mazito, maana sitara ya mama na mabinti ni haki yao hata kando ya barabara. Zulia liwe dogo, la kukung'utwa. Kisha mkiwasha gari, someni dua ya safari, baba aanze na watoto waitikie.

Mwenyezi Mungu awafikishe salama, na awahifadhi wasafiri wetu wote. Amin.