Safari ya Ulaya kwa Mfuko Mwembamba: Nchi Ngapi Zatosha?

Aghalabu msomi kijana wa Kenya anapopata fursa ya kwanza ya kwenda Ulaya, jambo la awali analolifanya ni kuorodhesha nchi. London, Paris, Roma, Vienna, Barcelona, Amsterdam. Siku 12, nchi sita, na picha mbele ya kila mnara. Mantiki yake inaeleweka: nauli ya ndege kutoka Nairobi ni ghali, huenda fursa nyingine isipatikane, basi heri kuyaona yote kwa mkupuo mmoja. Hata hivyo, hiyo ni hesabu iliyopigwa nusu. Nauli ya kutoka Nairobi hulipwa mara moja tu. Kila mji unaoongezwa baada ya hapo hulipiwa upya, kwa tikiti, kwa usingizi, na kwa siku nzima inayoishia katika vituo vya magarimoshi. Kwa msafiri wa mfuko mwembamba, nchi mbili au tatu zinazopakana zatosha, na sababu ya kwenda haina budi kuitangulia orodha.

Yafaa kuanzia ubalozini, maadamu ndiko safari nyingi za Wakenya zinakoishia. Mkataba uliotiwa sahihi mwaka 1985 katika kijiji cha Schengen, nchini Luxembourg, ulikuwa wa mataifa matano. Leo eneo hilo lina nchi 29, baada ya Bulgaria na Romania kukamilisha kuingia kwao Januari 2025. Viza moja humruhusu mgeni kuzunguka ndani ya eneo lote kwa siku zisizozidi 90 katika kila kipindi cha siku 180. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na kampuni ya wakala inayopokea fomu kwa niaba ya ubalozi huweza kutoza yake juu ya hiyo. Ombi likikataliwa, ada hairudishwi. Fedha hizo, katika nyumba nyingi, zimetoka kwenye harambee ya jamaa au mkopo wa chama, na mwenye kunyimwa viza hurudi kwa wachangaji na karatasi tupu.

Ulaya yenyewe haitendewi hivyo ikija kwetu. Mtafiti wa Kijerumani anayekwenda Lamu kusikiliza watungaji wa tenzi hujaza fomu ya intaneti katika mfumo ulioanza Januari 2024, akalipa dola zipatazo 30, akapanda ndege. Ukosefu huo wa usawa ni wa kulalamikiwa, na wanazuoni wa Kiswahili wana haki ya kuulalamikia katika kila kongamano. Lakini malalamiko hayajazi fomu, na wengi wanaonyimwa viza hujiponza wenyewe kwa ratiba mbovu.

Kanuni inataka ombi lipelekwe kwa ubalozi wa nchi ambamo msafiri atakaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, kwa ile atakayoingilia. Pamezuka mtindo wa kutafuta "ubalozi mpole", yaani kuomba viza katika nchi inayosemekana kuwa na mkono mwepesi, ilhali nia ni kukaa kwingine. Mwanafunzi wa fasihi angepaswa kuuona udhaifu wa hila hiyo kabla ya mtu mwingine yeyote. Ratiba inayowasilishwa ubalozini ni masimulizi: ina mhusika, ina msuko, ina wakati na mandhari, na afisa anayeisoma ni mhakiki asiye na subira. Mtu anayedai kwenda kongamanoni Ujerumani huku malazi yake mengi yakiwa Uhispania ameandika hadithi isiyo na uwiano. Vivyo hivyo orodha ya nchi sita kwa siku 12: hakuna mhakiki atakayesadiki kwamba mhusika huyo ana shughuli ya maana popote.

Kuhusu fedha, udanganyifu unaojulikana mno ni wa kuazima laki kadhaa, kuzitia benki wiki moja kabla ya kuchapisha taarifa ya akaunti, kisha kuzirudisha. Maafisa wameuona mara nyingi mno. Akaunti ndogo inayopokea posho au mshahara kila mwezi, ikiambatana na barua ya chuo inayothibitisha kwamba mwombaji anatarajiwa kurudi darasani, ina ushawishi kuliko milima ya ghafla. Isitoshe, mwenyeji aliyeko Ujerumani anaweza kutia sahihi hati rasmi ya udhamini mbele ya idara ya wageni ya mji wake, akajifunga kugharimia kukaa kwa mgeni. Ufaransa, kwa upande wake, kwa miaka mingi imetaja viwango waziwazi: yuro 65 kwa siku kwa mgeni aliyekwisha kuagiza malazi, yuro 120 kwa asiye na uthibitisho wowote. Tofauti hiyo, ikizidishwa kwa siku tano, ni yuro 275 ambazo msafiri mwenye mpango hatakiwi kuzionyesha. Bima ya safari ni ya lazima na sharti ifidie matibabu ya hadi yuro 30,000; bei yake si kubwa. Ombi hupokelewa tangu miezi sita kabla ya safari, nalo jibu kwa kawaida hutolewa kwa siku 15, ingawa huweza kufikia 45. Tikiti ya ndege isilipiwe kabla ya viza. Nafasi iliyoshikwa tu bila kulipiwa yatosha kuonyesha nia.

Sasa kuhusu sababu ya kwenda. Mwanafunzi wa Kiswahili ana bahati ambayo mwanafunzi wa taaluma nyingi hana: ramani yake ya Ulaya imekwisha kuchorwa na lugha yenyewe. Bayreuth, mji mdogo wa Bavaria, umekuwa na kongamano la Kiswahili tangu mwaka 1987, ambalo kwa desturi hufanyika baina ya Mei na Juni. Leipzig kuna mafunzo ya Kiswahili. Hamburg, ambako Carl Meinhof alianza kufundisha lugha za Kiafrika mwaka 1909, ndiko uliko mswada wa Utendi wa Tambuka, kazi inayohesabiwa kuwa ya mwaka 1728. Leiden nchini Uholanzi na taasisi ya INALCO mjini Paris hufundisha Kiswahili vilevile, na hata Napoli, kule kusini mwa Italia, Chuo Kikuu cha L'Orientale kina walimu na wanafunzi wake.

Tuseme mwanafunzi ana siku 15. Aingie kwa Frankfurt, aende Bayreuth kwa kongamano, apande Leipzig, kisha Hamburg. Hizo ni siku tisa za Ujerumani, na ombi lake bila shaka ni la ubalozi wa Ujerumani. Kutoka hapo atelemke Leiden kwa siku tatu, avuke Ubelgiji kwa basi, amalizie Paris kwa siku tatu, na kurudi Nairobi kutoka Paris hiyohiyo. Tikiti ya ndege ya kuingilia mji mmoja na kutokea mwingine mara nyingi haizidi sana ile ya kwenda na kurudi pahali pamoja, nayo humwondolea msafiri adha ya kurudia njia aliyokwisha kuipita. Napoli ibaki kwa safari nyingine. Ni tamu, lakini iko mbali, na umbali ndio unaokula mfuko.

Safari ya namna hii si ngeni katika fasihi yetu. Mwaka 1896 Selim bin Abakari alitoka Ujerumani pamoja na bwana wake, Dakta Bumiller, wakapita Urusi hadi Siberia, naye akaisimulia kwa Kiswahili. Masimulizi yake yamo katika mkusanyiko wa Carl Velten, Safari za Wasuaheli, uliotoka mwaka 1901. Selim alisafiri kwa mfuko wa mtu mwingine na kwa ratiba ya mtu mwingine. Hata hivyo aliangalia, akalinganisha, akapima mambo ya ugenini kwa vipimo vya pwani. Msomi wa leo anayejilipia na kujipangia, kisha akarudi bila hata kurasa tano za Kiswahili alizoziandika njiani, ana deni kwake. Na kurasa hizo haziandikwi na mtu anayebadilisha mji kila siku ya pili.

Turudi kwenye nauli. Ndani ya Ujerumani ipo tikiti ya mwezi iitwayo Deutschlandticket, ambayo humwezesha mtu kupanda mabasi, tramu na magarimoshi ya mikoa nchi nzima. Ilianza Mei 2023 kwa yuro 49, ikapanda hadi 58 mwaka 2025, na 63 tangu Januari 2026. Mwanafunzi anaweza kutoka Bayreuth hadi Leipzig kupitia Hof bila kuongeza senti. Ila ina mitego mitatu. Haipandishi magarimoshi ya kasi, hivyo Leipzig hadi Hamburg hula takriban siku nzima. Huhesabiwa kwa mwezi wa kalenda, na kongamano likiangukia mwisho wa Mei, msafiri atalipa wa Mei na wa Juni. Hapo tikiti ya kawaida iliyonunuliwa mapema huenda ikawa nafuu. Tena huuzwa kama uanachama unaojirefusha wenyewe, na asiyeufuta kabla ya tarehe 10 ya mwezi atakatwa fedha za mwezi unaofuata akiwa keshafika Nairobi.

Ndege za bei ya chini nazo zina ulaghai wake. Uwanja uitwao Frankfurt-Hahn uko kilomita zipatazo 120 kutoka Frankfurt, na ule wa Beauvais unaotangazwa kuwa wa Paris uko zaidi ya kilomita 80 kutoka mjini. Ongeza nauli ya basi, ongeza ada ya sanduku, na ule urahisi unayeyuka. Mabasi ya usiku ni bora kwa maana hubeba mtu na kumlaza papo hapo. Mara moja inavumilika. Anayelala ndani ya basi mara tatu kwa wiki mbili atasinzia kongamanoni, na hakuchangiwa fedha ili asinzie.

Hosteli za vijana, ambazo chimbuko lake ni ngome ya Altena huko Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20, bado ndiyo malazi ya akili kwa mtu wa hali ya kadiri, hasa zenye jiko. Msafiri anayejipikia wali na maharagwe jioni, akanunua mkate na matunda dukani mchana, hutumia sehemu ndogo tu ya fedha za anayekula mikahawani. Koti linunuliwe Gikomba kabla ya safari, kwa sababu huenda lilitoka Ulaya hapo awali, na halitajali kurudishwa kwao.

Viingilio vya makumbusho vimegeuka kuwa hesabu ya uraia. Tangu Januari 2026 Louvre humtoza yuro 32 mgeni anayetoka nje ya Eneo la Kiuchumi la Ulaya, ilhali kijana wa huko aliye chini ya miaka 26 huingia bure. Mwanafunzi wa uzamili kutoka Kenya hana umri huo wala uraia huo. Basi na aizunguke Paris kwa miguu, aingie makanisa na bustani zisizotoza kitu, na zile yuro 32 azitie katika vitabu vilivyokwishatumika kule kandokando ya mto Seine, ambako huuzwa hadharani.

Wapo watakaouliza kama pana haja ya kwenda kabisa, kwa kuwa miswada mingi imekwisha kupigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti. Hoja hiyo ina uzito, na mtu ambaye safari ingemtia katika deni la miaka mitatu afadhali asome picha hizo akiwa maktabani Nairobi. Lakini kongamano halipigiki picha. Mjadala wa jioni baina ya mwanafunzi wa Eldoret na profesa aliyeitafsiri kazi ambayo mwanafunzi huyo anaihakiki hautokei kwenye kioo cha tarakilishi, na humo ndimo mada za tasnifu huzaliwa, na wakati mwingine ufadhili.

Imebaki London, ambayo wengi huiona kuwa safari haijakamilika bila ya hiyo. SOAS ina miswada ya Kiswahili iliyokusanywa na akina William Taylor na William Hichens, na hakuna anayebisha thamani yake. Lakini Uingereza haimo katika eneo la Schengen. Viza yake huombwa peke yake, kwa ada yake na taarifa zake za benki, na mtu anayekwenda London katikati ya safari kisha akataka kurudi Paris hahitaji viza ya Schengen tu, bali ile ya kuingia zaidi ya mara moja. Mwenye ya mara moja atakwama upande wa pili wa mlangobahari. Kwa safari ya kwanza, London iachwe. Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kuandikisha kwa alama za vidole na picha siku ya kila mgeni kuingia na kutoka, na mwanafunzi aliyetoka kwa wakati atakuwa na la kueleza, pamoja na nakala za viza na tikiti zake, siku atakapoiomba viza ya Uingereza kwa ajili ya Taylor na Hichens.